Othman Masoud na mtihani wa mwanasheria katika siasa za Zanzibar

Wanasiasa wengi wa Zanzibar walijulikana kwanza kwa sauti zao katika mikutano ya hadhara. Othman Masoud Othman, mwanasheria mzaliwa wa Pemba, alijulikana kwa kura aliyoipiga ndani ya ukumbi. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2014, Bunge Maalum la Katiba lililokuwa likikutana Dodoma chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta lilikuwa likiipigia kura Katiba Inayopendekezwa, na kila mjumbe alikuwa na hiari ya kupiga kura ya wazi au ya siri. Yeye, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mtu aliyeingia katika ukumbi ule kwa sababu ya cheo alichopewa na Rais, alichagua kura ya wazi na akazikataa ibara kadhaa zilizogusa nafasi na mamlaka ya Zanzibar ndani ya Muungano. Siku chache baadaye Rais Ali Mohamed Shein, naye pia mzaliwa wa Pemba, alitengua uteuzi wake na kumweka Said Hassan Said katika nafasi hiyo.

Uzito wa kura ile hauonekani mpaka mtu akumbuke hesabu iliyokuwapo. Sheria ilitaka rasimu ipite kwa theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wajumbe wa upinzani waliojiita Ukawa walikuwa wameshatoka ukumbini tangu Aprili mwaka ule, wakipinga kuwekwa kando kwa muundo wa serikali tatu uliopendekezwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba. Kwa hiyo upande wa Zanzibar kila kura ilikuwa ikitafutwa, hadi kanuni zikaruhusu wajumbe waliokuwa hijja Makka wapige kura wakiwa huko huko. Katika mazingira hayo, kura ya hapana ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja: ilipunguza idadi, na ilikuwa maoni ya kisheria yaliyotolewa hadharani na mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria kwamba waraka ule haukuilinda Zanzibar. Kabla ya hapo alikuwa ameshajitoa katika kamati ya uandishi iliyoongozwa na Andrew Chenge, na aliyetaka kuielewa ishara hiyo angeweza kuielewa mapema.

Wapo waliosema, na hadi leo wapo wanaosema, kwamba alivunja nidhamu ya Serikali aliyoitumikia na kwamba mtu asiyekubaliana na msimamo wa Serikali hujiuzulu kwanza, kisha akasema atakalo. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Hata hivyo naona wanaoitoa wanachanganya kazi mbili. Katika Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu huketi kuitetea miswada ya Serikali. Katika Bunge Maalum kila mjumbe alikuwa na kura yake, na kanuni zilizoweka hiari ya kura ya siri zilikusudia kumlinda mjumbe dhidi ya mwajiri wake na chama chake. Othman hakuutumia ulinzi huo. Alipiga kura yake akijulikana ni nani na ana cheo gani, na Rais naye akatumia haki yake ya kikatiba ya kumwondoa. Pande zote mbili zilifanya yaliyoruhusiwa na sheria, na kwa sababu hiyo hasa tukio lile limebaki kuwa msingi wa jina lake: hakuna anayeweza kusema aliyumba, na hakuna anayeweza kusema alidhulumiwa kinyume cha sheria.

Hakuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Zanzibar kugongana na swali la Muungano. Wolfango Dourado, aliyeshika nafasi hiyo tangu siku za mwanzo za Mapinduzi, alieleza baadaye kwamba Aprili 1964, wakati Hati za Muungano zikitayarishwa, yeye alipewa likizo na ushauri ukatafutwa kwingine. Alipoanza kuhoji hadharani uhalali wa mwenendo wa Muungano katika miaka ya 1980, aliwekwa kizuizini. Tofauti kati ya adhabu ya Dourado na ile ya Othman miaka 30 baadaye inaonyesha kwamba nchi imesogea, na ni haki jambo hilo likasemwa. Lakini swali lenyewe limebaki lile lile, na kila kizazi cha wanasheria wa Visiwani hulikuta mezani.

Swali hilo limewahi kuamuliwa mahakamani. Novemba 2000, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, wanachama wa chama cha upinzani cha CUF waliokaa rumande kwa miaka, ilisema kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Mamlaka hayo yako kwa Jamhuri ya Muungano. Washtakiwa walishinda kwa hoja ambayo wengi wa wafuasi wao hawakuitaka. Walitoka jela, na Zanzibar yao ikatoka mahakamani ikiwa imepungua hadhi. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, alizua ghadhabu Visiwani ambayo iliwaunganisha kwa muda watu wa CCM na CUF, na jibu la Zanzibar lilikuja mwaka 2010 katika Mabadiliko ya Kumi ya Katiba yake, yaliyoandika kwamba Zanzibar ni nchi na ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mabadiliko hayo hayo ndiyo yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, au SUK kama tulivyozoea kuiita, ambamo chama cha Rais na chama kinachomfuata kwa kura hugawana madaraka, baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 ya wapigakura walikubali. Mwanasheria mwingine wa Pemba, marehemu Abubakar Khamis Bakary, mwakilishi wa Mgogoni katika Mkoa wa Kaskazini Pemba na kiongozi wa upinzani katika Baraza, ndiye aliyeipeleka hoja binafsi Barazani Januari 2010 iliyofungua njia ya kura ile, kisha akawa Waziri wa Katiba na Sheria katika serikali ya kwanza ya umoja. Simtaji kwa ajili ya kumbukumbu tu. Namtaja kwa sababu mkoa ule, unaojulikana kwa karafuu na kwa majimbo yasiyoyumba katika upinzani, umetoa wanasheria waliojaribu kuigeuza hasira ya watu wao kuwa vifungu vya sheria. Baada ya mauaji ya waandamanaji wa CUF ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, hasira hiyo ingeweza kuchukua njia nyingine kabisa.

Othman aliingia katika historia hiyo kupitia mlango wa Serikali. Alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ofisi iliyoundwa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2002 yaliyofuata Muafaka wa pili, yaani makubaliano ya CCM na CUF, kisha mwaka 2011 akawa Mwanasheria Mkuu. Maana yake ni kwamba SUK ilipokuwa changa, ikijifunza kutembea, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kifungu hiki kinasema nini na kile kinaruhusu nini. Naomba msomaji aishike nukta hiyo, kwa sababu kila ninachokisema kuhusu miaka yake ya baadaye kinaegemea hapo.

Alikaa nje ya Serikali zaidi ya miaka sita. Katika muda huo uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Dkt. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia 10 inayotakiwa na Katiba, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, ambayo hutoka chama cha pili kwa kura, ikabaki wazi. Umoja wa kitaifa ulipotea bila mtu yeyote kuufuta. Kisha Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF Visiwani aliyekuwa Makamu wa Kwanza katika SUK ya awali, akahamia chama cha ACT-Wazalendo na watu wake, akagombea mwaka 2020 na kutangaziwa asilimia 19.87, akakubali kwa shida kuingia serikalini Desemba, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia. Alizikwa kijijini kwao Mtambwe, katika mkoa ule ule wa kaskazini. Tarehe 2 Machi, Othman Masoud aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Uteuzi huo uliwashangaza wengi, na kwa sababu nzuri. ACT ilikuwa na watu waliotembea na Maalim kwa miaka 30, waliofungwa naye na waliosimama naye majukwaani, na hata hivyo jina lililokwenda kwa Rais Hussein Ali Mwinyi lilikuwa la mwanasheria ambaye hakuwahi kuongoza chama wala kushinda jimbo. Mimi nausoma uamuzi ule kuwa wa busara. Hakuna ambaye angeweza kuurithi mvuto wa Maalim, na kumtafuta mtu wa kuuiga kungekuwa kujidanganya. Chama kikachagua sifa nyingine: mtu aliyewahi kukitoa kafara cheo chake kwa ajili ya msimamo, na ambaye CCM yenyewe ilikuwa imemwamini kwa ofisi mbili nyeti. Alikuwa na ushahidi wa uaminifu kwa pande zote mbili, na Visiwani watu wa namna hiyo ni wachache.

Lakini kiti alichokalia Migombani kimejengwa kwa maneno machache sana. Katiba ya Zanzibar inasema Makamu wa Kwanza ni mshauri mkuu wa Rais na kwamba atafanya kazi atakazopangiwa na Rais. Makamu wa Pili, ambaye hutoka chama cha Rais, naye ni mshauri mkuu, na juu ya hilo ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Hapana kifungu kinachomlazimu Rais kumsikiliza Makamu wa Kwanza kabla ya kuteua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi, majaji, wakuu wa mikoa au wakurugenzi. Ofisi yake ilisimamia mazingira, masuala ya UKIMWI na watu wenye ulemavu, kazi za maana kwa maisha ya watu, na hakuna aliyezidharau. Ila hakuna hata moja kati ya hizo iliyogusa sababu iliyowafanya Wazanzibari watafute umoja wa kitaifa, yaani ugomvi wa nani anasimamia uchaguzi na kwa kanuni zipi.

Hapa ndipo hukumu yangu juu yake inapokuwa nzito. Othman Masoud aliyajua haya yote. Msemaji wa jukwaani angeweza kudhani cheo kikubwa kina nguvu kubwa, lakini mtu aliyekuwa Mwanasheria Mkuu katika awamu ya kwanza ya SUK alikijua kila kifungu na udhaifu wake. Aliona kati ya 2011 na 2014 jinsi Makamu wa Kwanza, akiwa Maalim Seif mwenyewe, alivyoweza kuheshimiwa sana na kushirikishwa kidogo. Nilitarajia kwamba mwanasheria huyo, mara baada ya kuapishwa, angeifanya hoja ya kubadilisha vifungu hivyo kuwa kazi yake ya kwanza, akiwa na nia njema iliyokuwapo mwaka 2021 kama mtaji. Nia hiyo ilikuwapo kweli. Katika uchaguzi mdogo wa Konde, Kaskazini Pemba, Julai 2021, mgombea wa CCM alitangazwa mshindi, ACT ikalalamika, na mshindi akajiuzulu kabla ya kuapa. Uchaguzi uliporudiwa Oktoba, ACT ikashinda. Wengi waliusifu mwisho huo. Mimi uliniacha na wasiwasi, kwa sababu haki ilipatikana kwa ridhaa ya mtu mmoja kuacha kiti, na haikuacha nyuma yake kanuni yoyote itakayomsaidia mgombea wa jimbo jingine.

Malalamiko yaliyofuata yaliujaza muda wake wote ofisini: kurejeshwa kwa Thabit Idarous Faina katika nafasi ya Mkurugenzi wa Uchaguzi, na kura ya mapema iliyowekwa na Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya mwaka 2018, ambayo inawaruhusu watendaji wa uchaguzi na askari kupiga kura siku moja kabla ya wengine. Hoja za ACT juu ya mambo haya zilikuwa za kisheria na zilielezwa vizuri. Lakini zilielezwa na mtu aliyekuwa ndani ya Serikali hiyo hiyo, na mwananchi wa kawaida hakuelewa kwa nini Makamu wa Kwanza wa Rais awe analalamika kama yeye. Alipochaguliwa Mwenyekiti wa Taifa wa ACT-Wazalendo Machi 2024, ugumu huo ulizidi: asubuhi mshauri mkuu wa Rais, jioni kiongozi wa chama kinachojiandaa kumwondoa Rais huyo huyo. Katiba inaruhusu. Imani ya watu ni jambo jingine.

Kuna pengo jingine ambalo, kwa maoni yangu, mwanasheria hakuliziba ipasavyo. Kauli kuu ya chama ilikuwa mamlaka kamili, na kwa msomi wa sheria kauli hiyo ina historia ndefu, tangu Hati za Muungano na orodha ya mambo 11 ya Muungano iliyokuja kufika 22, hadi hukumu ya mwaka 2000. Kwa kijana wa Micheweni au Wete, mamlaka huanza kwa sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Bila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hawezi kuandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapigakura, na njia ya kukipata kitambulisho hicho hupita mikononi mwa sheha, ambaye ni mteule wa Serikali. Anayezungushwa kwa miezi akitafuta kitambulisho hahitaji kuelezwa nadharia ya dola. Anahitaji mtu wa kumwandikia malalamiko yake na kuyasimamia hadi mahakamani, kijana mmoja baada ya mwingine, hadi wenye ofisi wachoke kukataa. Hiyo ni kazi ya uwakili hasa, ya kuchosha na isiyo na makofi, na chama kinachoongozwa na mwanasheria kingestahili kujulikana nayo katika kila shehia ya Pemba kuliko kinavyojulikana kwa mihadhara juu ya Muungano.

Isitoshe, Pemba peke yake haiwezi kumpa mtu Ikulu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kaskazini Pemba ni 272,091 na Kusini Pemba 271,350, jumla yao ikiwa chini ya theluthi moja. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169. Maalim Seif aliielewa hesabu hiyo, na matokeo ya karibu sana ya mwaka 1995, aliposhindwa na Dkt. Salmin Amour kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2, na ya mwaka 2010, aliposhindwa na Dkt. Shein kwa asilimia 49.1 dhidi ya 50.1, yalitokana na kura alizozipata Mjini na mashamba ya Unguja. Oktoba 2025, katika uchaguzi wake wa kwanza wa urais, Othman alitangaziwa takriban asilimia 23 dhidi ya karibu 75 za Dkt. Mwinyi, na chama chake kikayakataa matokeo. Sitaki kuujenga uchambuzi juu ya takwimu ambazo upande mmoja hauzikubali. Ninachoweza kusema bila kuzitegemea ni kwamba mgombea aliyeanza na sifa kwa watu wa pande zote mbili alimaliza kampeni akionekana na wengi wa Unguja kuwa mgombea wa Pemba, na hilo ni pigo kwa mtu ambaye kura yake ya mwaka 2014 ilishangiliwa pia na wana-CCM wasioyataka maoni yao yajulikane.

Watu hao wapo, na naamini ndio njia iliyobaki. Kubadilisha Katiba ya Zanzibar kunahitaji theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi, na baadhi ya vifungu vya msingi haviguswi hadi wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. ACT haina idadi hiyo na haitakuwa nayo karibuni. Kwa hiyo kifungu kinachompa Makamu wa Kwanza ushauri usio na lazima, na vile vinavyomwachia Rais peke yake uteuzi wa Tume, vitabadilika siku ambayo wawakilishi wa CCM wa kutosha watakubali kwamba vinawahatarisha hata wao. Mwaka 2010 walikubali. Ilitosha Rais Amani Abeid Karume na Maalim kukutana Novemba 2009, na Abubakar Khamis Bakary kuwa na hoja iliyoandikwa tayari miezi miwili baadaye. Othman Masoud anao ujuzi wa kuandika hoja kama ile kuliko mwanasiasa yeyote wa Visiwani aliye hai. Bado haijaonekana Barazani rasimu kamili ya vifungu hivyo yenye jina la chama chake, na kabla ya kuzungumza juu ya uchaguzi wa 2030, hicho ndicho ningetaka kukisoma kutoka kwake.